Pedi ya Zamani Usiitupe Kabla Hujaisoma

Mwaka mmoja nilibadilisha pedi za breki ya mbele ya pikipiki yangu mara tatu, na mara zote tatu iliyokwisha ilikuwa pedi moja tu. Ya nje ilitoka ikiwa na nyama, ile sehemu inayosugua, ya kutosha miezi kadhaa. Ya ndani ilikuwa imebaki bati tupu, linameremeta kama kijiko kipya. Nilinunua seti mpya, nikafunga, za zamani nikatupa, huku moyoni nikimlaani muuzaji wa spea kwamba ananiuzia takataka. Mara ya tatu ndipo nilipojaribu kuisogeza kwa mkono kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu, ikagoma. Pini mbili ambazo kalipa hutelezea zilikuwa zimeshika kutu. Pedi zilikuwa nzima tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa natupa ushahidi.

Kufungua pedi na kurudishia nyingine ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye spana mbili tatu na koleo. Kinachowashinda wengi ni kujua kwa nini zile za zamani zimeisha vile zilivyoisha, na kama diski iliyobaki pale inastahili kupewa pedi mpya. Hilo hulijui bila kuelewa kwanza kinachotokea humo ndani unapobana leva ya breki.

Leva inasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda, kule kwenye usukani. Pistoni hiyo inasukuma mafuta ya breki, na kwa kuwa mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, msukumo wote unafika kwenye kalipa, chini kwenye gurudumu. Ujanja uko kwenye ukubwa wa pistoni. Chukua masta yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 14 na kalipa yenye pistoni ya milimita 28. Kipenyo ni mara mbili, lakini eneo ni mara nne, kwa hiyo nguvu inayotoka chini ni mara nne ya ile iliyoingia juu. Hapo hujahesabu leva yenyewe, ambayo nayo huzidisha nguvu za vidole kabla hazijafika kwenye masta.

Nguvu hiyo inakwenda kuzalisha joto, na joto ndilo mama wa karibu kila tatizo la breki. Kilo 200 za pikipiki na mpanda wake, zikikimbia kilomita 60 kwa saa, zimebeba nishati ya kilojuli karibu 28. Ukisimama, karibu yote inageuka joto kwenye diski na pedi, kiasi cha kuyafikisha maji ya theluthi ya glasi kwenye kuchemka. Kwenye kilomita 30 kwa saa ni kilojuli 7 tu, maana mwendo ukizidi mara mbili, nishati inazidi mara nne. Tena unapofunga breki uzito mwingi unalalia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Diski hupoa kwa sababu iko wazi kwenye upepo, tofauti na breki ya ngoma ambayo joto lake limefungiwa kama ndani ya sufuria yenye mfuniko. Pikipiki iliyoizoesha dunia diski ya mbele ya mafuta ni Honda CB750 ya mwaka 1969, na tangu hapo ngoma imekuwa ikirudi nyuma, hasa kwa pikipiki zenye mbio.

Sasa kalipa. Pikipiki nyingi za kawaida zina kalipa inayoelea, yaani pistoni ziko upande mmoja tu, na mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili. Pistoni inasukuma pedi ya upande wake, ambayo hapa naiita ya ndani, hadi ishike diski. Kuanzia hapo, kwa kuwa haiwezi kwenda mbele zaidi, inausukuma mwili wa kalipa urudi nyuma, na mwili huo unaivuta pedi ya nje nayo ishike. Aina nyingine ni kalipa isiyosogea, yenye pistoni pande zote mbili zinazotazamana. Hiyo haina pini za kutelezea, lakini ina pistoni nyingi zaidi za kukwama.

Ukiachia leva, nini kinairudisha pistoni? Wengi hujibu springi. Hakuna springi. Kuna sili, pete ya mpira ambayo ukiikata utaona umbo la mraba, imekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya kalipa, imeikumbatia pistoni. Pistoni ikitoka, sili inapinda kidogo pamoja nayo. Msukumo ukiisha, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Basi. Huo ndio mwanya wote unaotenganisha pedi na diski unapoendesha. Na pedi ikilika hata pistoni ikahitaji kutoka zaidi ya uwezo wa sili kupinda, inateleza mbele kidogo na kuanza maisha mapya pale ilipofika. Ndiyo maana breki ya diski hujirekebisha yenyewe, wakati ya ngoma inataka kukazwa nati.

Kutokana na kipande hicho cha mpira unaweza kueleza mambo mengi. Pistoni yenye kutu au uchafu pembezoni hairudi, na pedi inabaki inasugua safari nzima. Kadiri pedi zinavyoisha, pistoni zinazidi kutoka na mafuta yanashuka kwenye kikopo cha juu kinachoyahifadhi, kwa hiyo mafuta yaliyopungua mara nyingi ni habari ya pedi kabla ya kuwa habari ya kuvuja. Anayeona mafuta yameshuka akaongeza bila kutazama pedi, siku ya kufunga pedi mpya yatamfurikia.

Turudi kwenye pedi zilizotoka. Ziweke juu ya meza, ukumbuke ipi ilikuwa ndani na ipi nje, ipi juu na ipi chini. Zikiwa zimelika sawasawa, hongera, kalipa yako ni nzima. Ikiwa ya ndani, upande wa pistoni, imeisha kabla ya mwenzake, shuku pistoni isiyorudi au pini zilizokauka kama zangu. Ikiwa ya nje ndiyo iliyoisha, kwa kawaida kalipa ilisogea ikashindwa kurudi, na hapo ni pini tena. Pedi iliyolika kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, inasema kwamba kalipa inakaa mshazari: pini moja inateleza, nyingine haitelezi, au pedi imenasa kwenye kitako chake kwa sababu ya kutu.

Kisha tazama uso. Uso mzuri una rangi moja isiyong'aa. Ukiwa unang'aa kama kioo, pedi ilipata joto kupita kiasi, au ilipokuwa mpya haikuzoeshwa vizuri. Wengine huukwangua kwa msasa na kurudishia. Kwa mng'aro mwepesi inasaidia, ila kama ule mng'aro ulitokana na joto kali hautakaa mbali. Nyufa, au nyama inayoachana na bati, haina mjadala. Wala hakuna mjadala kwenye pedi iliyolowa mafuta ya breki, mafuta ya shokapu au dawa ya mnyororo iliyopulizwa hovyo. Pedi ina vitundu, inanyonya. Nimeona watu wakizichoma moto, wakiziloweka kwenye petroli, wakiapa kwamba zimepona. Zinapona mpaka zipate moto tena barabarani. Tupa, kisha tafuta mahali mafuta yanapotoka kabla hujaweka mpya, la sivyo utazilisha hizo mpya sumu ileile.

Kuhusu unene, pedi nyingi zina mfereji au alama inayoonyesha mwisho wake, na kitabu cha pikipiki kinataja kipimo. Kwa nyingi mpaka uko kati ya milimita 1 na 2 za nyama, bila kuhesabu bati. Mimi hubadilisha kwenye 2, na si kwa uoga. Nyama ya pedi ndiyo ngao inayozuia joto la diski lisifike kwenye pistoni na mafuta. Pedi nyembamba bado inashika, lakini inapitisha joto, na mafuta ya breki yana mpaka wake.

Mpaka huo unastahili aya yake. Mafuta mengi ya breki, yaani yale ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira na kila mara kikopo kinapofunguliwa. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanwa. Leva ambayo asubuhi ilikuwa ngumu inakuwa laini mwisho wa mteremko mrefu, pale pale unapoihitaji. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutaka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki ilikuwa imelala. DOT 5 isikuchanganye na DOT 5.1, namba zinafanana lakini ya kwanza ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Mfuniko wa kikopo huandikwa aina inayotakiwa. Fuata mfuniko.

Diski ndiyo inayosahaulika zaidi, labda kwa sababu inaonekana ni kipande cha chuma tu. Ina umri wake, na umri huo umechongwa juu yake: tafuta karibu na bolti au kwenye kitovu maandishi MIN TH yakifuatwa na namba, kwa mfano 3.5 mm. Huo ndio unene wa chini kabisa. Diski mpya nyingi huwa na milimita 4 au 5, kwa hiyo nafasi ya kulika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kifaa kizuri cha kupimia ni maikromita. Venia ya kawaida hudanganya, kwa sababu diski iliyotumika huacha ukingo mwembamba pembeni, pale pedi zisipofika, na taya za venia hukaa juu ya ukingo huo na kukusomea unene wa diski mpya. Pitisha ukucha kuelekea nje. Ukinasa kwenye ukingo, ujue diski imeshaliwa. Pima sehemu sita au zaidi kuzunguka, na ile nyembamba kuliko zote ndiyo jibu lako.

Halafu kuna lile la leva kudunda. Unabana kidogo, unasikia mapigo kwenye vidole, kila mzunguko wa gurudumu pigo moja au mawili. Fundi atakwambia diski imepinda. Inawezekana, na kupinda hupimwa kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye shokapu huku gurudumu likizungushwa; pikipiki nyingi haziruhusu zaidi ya milimita 0.3. Lakini mara nyingi diski imenyooka kabisa, ila unene wake hautoshani, au pedi imeacha utando mzito sehemu moja. Hutokea hivi: mtu anashuka mlima, anasimama, diski inachoma, na anaendelea kubana leva. Pedi inachapa alama yake pale ilipokaa, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kabla ya kununua diski, isafishe kwa msasa laini na dawa ya kusafishia breki, na hakikisha pale inapokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, hapana kutu wala chembe ya rangi. Chembe ndogo chini ya diski huwa yumbo kubwa kwenye ukingo wake.

Mikwaruzo midogo ya mviringo ni kawaida. Mifereji unayoihesabu kwa ukucha si kawaida. Nyufa zinazotoka tundu moja kwenda jingine ni mwisho wa diski hiyo, siku hiyohiyo. Rangi ya buluu ni alama ya joto kali, na ukiiona jiulize kwanza kama kuna pistoni isiyorudi. Diski zile zenye vishikizo vya mviringo kati ya pete ya nje na kitovu zinaelea, na kuchezacheza kidogo ndivyo zilivyoundwa. Kuhusu kuichonga diski kwenye mashine ili inyooke, kama wafanyavyo kwa magari, ya pikipiki ni nyembamba mno. Unachokiondoa ndicho hasa ulichobakiwa nacho.

Kwenye kuchagua pedi kuna makelele mengi, na mimi nitasema machache. Pedi za ogani, zilizoungwa kwa gundi na nyuzi, ni kimya, zinaionea diski huruma, na huisha mapema. Pedi za sinta, ambazo ni unga wa metali uliobanwa na kuunguzwa hadi ukashikana, huvumilia joto na mvua, na hudumu, lakini diski ndiyo inayolipa. Si kila diski inazikubali, zile za chuma cha kalibu hasa. Kama pikipiki ilitoka kiwandani na aina fulani, baki nayo mpaka uwe na sababu. Vumbi lake, la aina yoyote, usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lifute kwa kitambaa chenye maji au dawa ya breki; zamani humo mlikuwamo asbesto, na hata bila asbesto si kitu cha kuingia mapafuni.

Kazi yenyewe ina mtego mwanzoni na mtego mwishoni. Wa mwanzoni ni pini ya pedi, ile inayozishikilia pedi ndani ya kalipa: pini hiyo ilegeze wakati kalipa bado imefungwa kwenye pikipiki. Ukishaitoa kalipa, utakuwa unapambana na pini iliyokazwa huku umeshikilia kitu kinachoning'inia kwenye mpira wake wa kupitishia mafuta, na mpira wa breki haukuumbwa kubeba uzito. Itundike kwa kamba.

Pedi zikitoka, usisukume pistoni ndani bado. Itazame. Sehemu iliyokuwa nje imekusanya matope na unga wa breki, na ukiirudisha hivyo unalisha sili msasa. Bana leva polepole pistoni itoke kidogo, si sana, isije ikachomoka. Isugue pande zote kwa mswaki na maji ya sabuni, ikiwemo nyuma usikokuona, kisha ikaushe. Petroli na mafuta ya injini havina ruhusa hapa; huuvimbisha mpira wa sili. Ndipo uisukume kwa mkono, au kwa koleo juu ya pedi ya zamani ili usiikwaruze. Pistoni safi inaingia kwa nguvu ya vidole gumba viwili. Inayohitaji kubembelezwa kwa bisibisi ina ugonjwa, na pedi mpya hazitauponya. Wakati huo jicho moja liwe kwenye kikopo cha juu, na kitambaa kimezungushiwa chini yake, maana mafuta ya breki hula rangi ya tangi haraka kuliko unavyoweza kukimbilia maji.

Pini za kutelezea zitoe, zifute mpaka ziwe kavu, uzipake grisi ya silikoni, ile isiyodhuru mpira, kidogo tu. Kalipa ikirudi inapaswa kwenda na kurudi kwa kidole kimoja. Dakika tano hizi ndizo zilizonigharimu seti tatu za pedi.

Kama diski nayo inabadilishwa, gurudumu linatoka. Bolti zake mara nyingi ziliwekwa gundi ya kukazia, na kichwa chake cha pembe sita kwa ndani huliwa kirahisi. Zipashe joto kidogo, spana iingie hadi mwisho, na usizungushe kwa kujaribujaribu. Mpya zikaze kwa kuvukana kama nyota, kwa hatua, na mwisho kwa spana inayopima nguvu kulingana na kitabu. Diski ikiwa na mshale, uelekee gurudumu linakokwenda. Kwenye pikipiki za ABS, zenye mfumo wa kuzuia gurudumu lisikwame unapofunga breki, angalia pete ya kihisi isigongwe. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, yaondoe yote. Na diski mpya ipewe pedi mpya, kwa sababu pedi ya zamani imeshachukua sura ya mifereji ya diski ya zamani na itashika kwa vilele tu.

Mtego wa mwisho ni huu. Pistoni zako sasa zimerudi ndani kabisa, na pedi ziko mbali na diski. Leva ya kwanza utakayobana haitashika kitu. Mimi niliwasha pikipiki, nikaishusha kwenye stendi, ikajivuta yenyewe kwenye mteremko mdogo, nikabana, leva ikagusa mpini. Ukuta ndio ulionisimamisha, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na taa ya mbele ikaenda. Kabla hujagusa swichi, pampu leva mpaka iwe ngumu, na ya mguu hivyohivyo. Isipokuwa ngumu baada ya kupampu mara nyingi, kuna upepo ndani, na huendi popote mpaka utolewe. Ikiwa ngumu lakini inazama taratibu unapoishikilia na hakuna panapovuja, sili za masta zimechoka. Baada ya hapo tazama kikopo, ujaze hadi alama ya juu, ufunge.

Pedi mpya kwenye diski inayong'aa hazishiki vizuri, na hilo si kasoro. Breki inafanya kazi kamili pale pedi inapoacha utando mwembamba wa nyama yake juu ya diski, na utando huo lazima upakwe sawasawa. Tafuta barabara tupu. Kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi kama 10, kwa nguvu ya wastani, kisha achia na uendeshe kidogo ipoe. Rudia mara 10 hadi 20. Usisimame kabisa ukiwa umebana diski ikiwa moto, kwa sababu ya ile pasi juu ya shati. Katikati ya zoezi utasikia leva ikianza kuuma zaidi kwa nguvu ileile ya vidole. Ukirudi, nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, na usikilize. Msuguano mwepesi unaosikika kama karatasi ni sawa. Likisimama upesi, fungua tena kalipa.